Mrija wa CamelBak umeota koga nyeusi kwa ndani: unaokoleka au nitupe?

MgumuWaKaranga (#1)

Wakuu kwema?

Mimi ni gaidi. Wa mlima jamani, wa kuongoza wageni, msije mkaniitia polisi. Mwaka jana mwezi wa 2 mgeni mmoja alipomaliza safari aliniachia vifaa vyake: soksi, kurunzi ya kichwani, na mfuko wa maji wa lita 3, ule wa kuweka mgongoni wenye mrija unaonyonya huku unatembea. Huku Moshi tunauita CamelBak hata kama kampuni ni nyingine, kama ambavyo kila dawa ya meno ni Colgate.

Msimu huu nimeutumia safari mbili. Machi mwishoni masika yakafungua, kazi ikakata, nikaukunja, nikautia ndani ya begi, begi juu ya kabati. Juzi nimelishusha nijiandae na msimu. Kufungua mfuniko, harufu iliyotoka ni ya ndoo ya deki iliyosahaulika. Mfuko wenyewe una ute, ukipitisha kidole unateleza. Balaa liko kwenye mrija. Nikiumulika na tochi ya simu naona vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, vimejipanga kuanzia kwenye kiungo mpaka kwenye chuchu ya kung'ata, urefu wa mita nzima.

Nimejaribu sabuni ya vyombo na maji ya moto. Nimejaza, nimetikisa, nimepuliza. Povu limetoka, madoa yako palepale yananitazama. Mpya bei yake sitaki hata kuitaja. Nina safari ya Kilimanjaro, njia ya Machame, tarehe 9. Naokoa au natupa?

KirobotoWaJiji (#2)

Tupa mkuu. Nunua maji ya duka, kunywa, tupa chupa. Maisha mafupi.

MgumuWaKaranga (#3)

Maji ya duka nayapitisha wapi? Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini, getini wanakagua. Mlimani ni chupa ya kujazia au mfuko wa mrija, basi.

SikiNaLimau (#4)

Rahisi sana. Jik nusu kikombe, siki nusu kikombe, funga, tikisa, laza usiku kucha. Asubuhi unang'aa kama jana umetoka kiwandani. Uzi ufungwe.

NesiWaZamu (#5)

Mkuu #4, nakuomba ufute hiyo kabla mtu hajaifuata. Siki ni tindikali. Jik ikikutana na tindikali yoyote, iwe siki, ndimu au dawa ya kuondolea ukoko wa chooni, inatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inachoma macho, koo na mapafu. Ukiwa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha unajitafutia kulazwa. Ama hiki ama kile. Na kama unataka kutumia vyote, kimoja kimalize kazi, suuza kabisa, ndipo uende cha pili.

SikiNaLimau (#6)

Mbona nafanya chooni kila Jumamosi na sijafa?

NesiWaZamu (#7)

Macho hayakuwashi?

SikiNaLimau (#8)

Yanawasha. Nilidhani ndio usafi wenyewe unaingia.

NesiWaZamu (#9)

😂 Mungu anakupenda.

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu. Mgumu, ule ute si uchafu uliolala, ni vijidudu vilivyojenga. Bakteria na fangasi wakipata penye unyevu wanajishika ukutani, wanatoa kitu kama gundi, wanajifunika nacho. Ukitaka kuuelewa, pitisha ulimi kwenye meno yako asubuhi kabla hujapiga mswaki. Ukoga ule ni ndugu yake huyu. Je, umewahi kuondoa ukoga kwa kusukutua? Hautoki mpaka upitishe mswaki. Ndiyo maana umetikisa povu mpaka bega limeuma na madoa hayajatikisika. Dawa inaua wa juu, wa chini wamejikunyata ndani ya gundi wanasubiri uondoke.

Kwa hiyo kuna mpangilio, na usiugeuze. Unasugua kwanza. Dawa inafuata. Kukausha ndio mwisho. Wengi wanaanza na Jik wakidhani wamemaliza, kumbe klorini ikikutana na uchafu inajimaliza kwenye uchafu huohuo na haibaki na nguvu ya kuua kitu.

Ukishasugua: Jik ya kawaida, isiyo na manukato, na isiwe ile ya nguo za rangi. Soma lebo, nyingi ni kati ya asilimia 3 na 5. Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kwenye lita 1 ya maji. Jik ikiwa ya asilimia 3.5, hapo unapata kama miligramu 175 za klorini kwa lita. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa sawasawa yanapaswa kukufikia yakiwa na kama 0.2 hadi 0.5 tu, kwa hiyo mwenye kufikiria kuonja aache. Jaza mfuko, uinue juu, bonyeza chuchu mpaka dawa itoke mdomoni. Hapa ndipo watu wanapokosea: mfuko umelowa, mrija umejaa hewa, halafu wanasema Jik haifanyi kazi. Dakika 15 zinatosha, nusu saa ukiwa na wasiwasi. Usilaze usiku kucha, unachosha plastiki bure. Kisha suuza mara tatu nne mpaka harufu iishe.

Jambo moja nikuandae kisaikolojia. Koga inaweza kufa na doa likabaki, maana ile rangi inazama ndani ya mpira. Kipimo ni kitambaa cheupe. Kikipita kikatoka cheupe, hilo ni kovu. Kikitoka na weusi, bado kuna kiumbe.

MgumuWaKaranga (#10)

Nimekuelewa dada, umeshuka vizuri. Ila swali ndio hilohilo: tundu la mrija halipiti hata kidole cha mtoto mchanga. Nasugua na nini?

MvuviWaKaole (#11)

Hapo umefika kwetu.

Chukua mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni mnene kidogo, kata pima moja na nusu. Funga chubwi ndogo, kile kizito cha kuzamishia mshipi, kwenye ncha. Mrija uning'inize wima kwenye msumari, dumbukiza chubwi, utashuka wenyewe mpaka chini. Ncha ya juu funga kipande cha sponji, kinene kuliko tundu kidogo tu, kiingie kwa kubanwa. Kilowe sabuni. Sasa vuta taratibu, mkono mmoja umeshika mrija. Usishtue kama umepata jodari, mshipi utakata na sponji litabaki katikati, hapo ndio utaujua uchungu.

Rudia na kipande kipya mpaka kitoke safi. Cha kwanza usikitazame kama hujala.

NesiWaZamu (#12)

Mzee wa Kaole, mbinu nimeipenda na naiiba. Ila chubwi si ni ya madini ya risasi? Risasi haipaswi kugusa chombo cha kunywea, hata kwa dakika mbili.

MvuviWaKaole (#13)

Kweli bwana, sikuliwaza hilo. Basi atumie ile nati ndogo ya spoku ya baiskeli, ioshwe kwanza. Uzito unatosha.

MamaWawili (#14)

Naomba niingilie, ingawa sipandi milima, mlima wangu ni ngazi za ghorofa ya nne.

Hili la mrija limenikumbusha kichupa cha shule cha mwanangu wa pili. Naosha kila jioni, nje ndani, kwa mikono yangu. Akawa analalamika tumbo, linatulia, linarudi. Siku moja nimekaa tu na kile kichupa, nikaona raba ya mfuniko imekaa kombo. Nikaichokoa kwa ncha ya uma. Chini yake kulikuwa na mkanda mweusi mzunguko mzima, umekolea kama wanja. Nilikaa chini. Mwaka mzima naosha chupa, na kila mara anapoinamisha kunywa, maji yanapita hapo kwanza.

Siwezi kuapa kwamba ndio uliomuumiza tumbo, watoto wanakula hadi chaki. Ila tangu siku hiyo nikiona mama mwenzangu ana kichupa cha mtoto namuuliza, raba umewahi kuitoa? Wengi hawajui kama inatoka.

NesiWaZamu (#15)

Inatoka, na itolewe walau kila wiki. Uma au kijiti butu, sio kisu, ukiikwaruza umeijengea koga nyumba mpya. Mswaki wa zamani na sabuni, na ule mfereji inapokaa usugue pia. Kama raba ni ya silikoni, na chuchu ya Mgumu wetu ni silikoni, unaweza kuzichemsha kwenye sufuria dakika 5. Chupa zenyewe za plastiki na mifuko usichemshe, zinapinda na mishono inaachia. Maji ya moto unayoyavumilia mkononi yanatosha.

Mama, mtoto anabeba maji matupu au kuna kitu kingine?

MamaWawili (#16)

Maji. Ila Ijumaa huwa namtilia juisi ya ukwaju.

NesiWaZamu (#17)

Umejijibu. Sukari ni ugali kwa hawa viumbe. Tafuta kichupa kingine cha ukwaju chenye mdomo mpana na mfuniko wa kawaida. Na wewe Mgumu, kama wageni wanatia zile poda za chumvichumvi na ladha ya chungwa kwenye mfuko, waambie watie kwenye chupa, mrija ubaki wa maji tu.

SikiNaLimau (#18)

Nimerudi. Jik nimeiacha kama nilivyoagizwa. Nikaenda kwa bekingi soda na siki, maana hizo najua haziui. Chupa yangu ya stili, nimetia vijiko viwili vya soda, nimemwaga siki, nimefunga, nimetikisa. Mfuniko umegonga dari. Sitanii, kuna alama ya duara kwenye jipsamu. Mke wangu ametoka chumbani akidhani transfoma imelipuka.

NesiWaZamu (#19)

Siki na soda vinatoa gesi, umefunga, gesi itoke wapi? Shukuru uso haukuwa juu ya chupa.

Na hata ungeacha wazi hukuwa unafanya cha maana. Moja tindikali, nyingine kinyume chake, zikichanganyika zinauana. Yale mapovu yanaburudisha macho, mwisho unabaki na maji ya chumvi. Zitumie mbalimbali. Soda ni ya harufu na madoa ya chai: vijiko viwili, maji ya moto, acha mfuniko WAZI, saa chache, kisha sugua. Siki au ndimu ni ya ule ukoko mweupe unaoachwa na maji ya chumvi ya visima, nusu siki nusu maji, saa moja.

Na iwe bekingi soda, si bekingi pauda. Pauda ina wanga ndani, utakuwa unawalisha. Magadi ya kupikia maharage nayo acha jikoni.

MseeWaNaroMoru (#20)

Habari zenu kutoka Kenya. Huku tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye mbuga na misitu ya hifadhi, kwa hivyo kila mtu anayepanda Mlima Kenya ako na chupa ya stili. Sasa mimi yangu nilibebea chai ya maziwa siku moja tu, na bado inanuka mpaka leo. Naweza tumia Jik?

NesiWaZamu (#21)

Stili usitie Jik, inachimba vitobo vidogo, ndipo kutu inapoanzia. Tumia ile soda na maji ya moto. Lakini nakuapia harufu haiko kwenye chupa, iko kwenye raba ya mfuniko. Itoe, inuse.

MseeWaNaroMoru (#22)

Nimeinusa. Woi.

MtotoWaUnguja (#23)

Nami nitie neno kutoka Maskati. Huku kiangazi joto linapita 40 na watu tunaacha chupa garini. Yangu ilikuwa ya kupitisha mwanga, iliota kijani ndani kama kidimbwi cha chura. Nimegundua ikikaa gizani haioti kijani, mwanga ndio unaoilisha. Ute lakini unakuja vilevile.

Nimemkumbuka bibi yangu Mji Mkongwe. Mtungi wake wa maji ya kunywa ulikuwa hauguswi na kila mtu. Ukiisha maji anaupindua juani mpaka udongo unabadilika rangi, ndipo anauinamisha juu ya chetezo, udi kidogo na ubani, moshi unajaa ndani, anaufunika kwa kawa. Maji yake yalikuwa na harufu ukiyanywa mpaka puani. Sisi watoto tulidhani ni mapambo ya wageni.

OloirieniKijana (#24)

Bibi zetu walikuwa shule moja. Kwetu Longido kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni. Kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, kinachomwa mpaka kinakuwa kaa, kinaingizwa ndani ya kibuyu kikiwa na moto, kinasuguliwa ukutani huku na huku, kibuyu kinatoa moshi mdomoni kama kinavuta sigara. Kisha majivu yanafutwa. Maziwa yanakaa siku nyingi na yanakuwa na ladha ya ule mti. Mtu aliyezoea hayo ukimpa ya pakiti anasema yamelala.

Angalizo: msijaribu kwenye CamelBak.

NesiWaZamu (#25)

Tazama walichokuwa wanafanya wote wawili. Mmoja anapindua juani, mwingine anasugua kwa kaa la moto. Chombo kinafutwa, kinakauka kabisa, ndipo kinajazwa tena. Sisi tuna chupa za laki moja na tunazimwaga, tunafunga mfuniko na unyevu ndani, tunaweka kabatini.

KirobotoWaJiji (#26)

Mimi nakunywa kwa kata kwenye ndoo. Sina raba, sina mrija, sina mawazo.

NesiWaZamu (#27)

Na kila anayechota anaacha vidole vyake humo. Mdomo mwembamba una shida ya kusugulika lakini angalau mkono hauingii.

MgumuWaKaranga (#28)

Mrejesho wakuu.

Jana nimefanya yote. Mshipi nimepata kwa jamaa wa sokoni anayeuza nyavu za kufunika matango, nati ya spoku kwa fundi baiskeli, sponji nimekata la kuoshea vyombo (nimeshalilipia kwa maneno). Kipande cha kwanza kimetoka rangi ya mafuta machafu ya gari. Cha pili kijivu. Cha tatu kijivu. Cha nne, mwanangu amenisaidia kushika mrija, tukavuta pamoja, kikatoka na kitu kirefu kama ngozi ya nyoka, chembamba, kinaning'inia. Mtoto amekimbia. Baada ya cha saba vinatoka vyeupe.

Jik kijiko cha chai kwa lita, chuchu nimebonyeza mpaka ikatoka, dakika 20. Mfuko hauna ute, ukiusugua kwa kidole unalia kama sahani. Chuchu nimechemsha. Harufu imeisha.

Mrija sasa. Vidoa bado vinaonekana. Kitambaa cheupe kinatoka cheupe. Ni makovu basi?

NesiWaZamu (#29)

Makovu. Hawapo hai. Lakini nikuambie ukweli wangu: mfuko baki nao, mrija ningebadili. Sio kwamba utakuua kesho. Ni kwamba koga ikirudi hutaijua, doa jipya litajificha kwenye doa la zamani. Mrija msafi unakupa taarifa wenyewe.

MvuviWaKaole (#30)

Anunue ule mpira mweupe wa fundi ujenzi, wa kupimia leveli. Unene karibu sawa, mita moja ni hela ya maandazi.

NesiWaZamu (#31)

Ule haukutengenezwa kwa maji ya kunywa mzee wangu.

MgumuWaKaranga (#32)

Dada umechelewa, nilishaukata na kuufunga. Nimeonja maji ya kwanza. Ladha ni ndala mpya. Nimeyatema, nikatia tena, ndala. Nimeurudisha kwa fundi.

Ila bahati imeniangukia. Duka moja la kukodisha vifaa walikuwa na mfuko uliotoboka, mrija wake haujatumika sana, wamenipa kwa elfu tatu. Nimepitisha sponji, kimetoka cheupe mara ya kwanza. Nimeloweka hata hivyo.

BabuWaMweka (#33)

Nimesoma uzi wote kimya, sasa naomba niseme na kijana wangu.

Mrija ni mzuri mpaka kambi ya Karanga. Usiku wa kileleni ni pambo. Mnaondoka kambi ya Barafu usiku wa manane, upepo unapiga, maji yaliyobaki ndani ya mrija yanaganda kabla hamjafika mbali. Ukitaka udumu kidogo, kila ukinyonya puliza maji yarudi mfukoni, mrija ubaki mtupu, na upitishe ndani ya jaketi. Na bado beba chupa ya mdomo mpana, itie ndani ya soksi, iweke kichwa chini miguu juu. Maji yanaanza kuganda juu, kwa hiyo ukiigeuza mdomo wa chupa unabaki na maji.

Na kwa kuwa mnaongea usafi: pale Barafu hakuna maji, yanapandishwa na wagumu, yaani wapagazi, kutoka bonde la Karanga. Mnajua wenyewe yale madumu yanaoshwaje. Kokoto na mchanga, unatikisa, umemaliza. Yanang'arisha, lakini yanakwaruza, na kwenye mikwaruzo ndiko kunakokaa mambo. Kwa hiyo hata mfuko uwe msafi kama wa hospitali, maji yachemshwe.

MgumuWaKaranga (#34)

Shikamoo babu. Nilikuwa nasikia kule juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, ni kweli?

BabuWaMweka (#35)

Marahaba. Yanachemka mapema ndiyo. Barafu ni mita 4,673, maji yanatokota kwenye nyuzi 85 hivi. Ndiyo maana maharage ukiyapeleka kule utayala mbichi.

NesiWaZamu (#36)

Nyuzi 85 zinatosha kuua vijidudu vya kuhara, wengi hawavuki hata 70 kwa dakika moja. Ukiwa juu ya mita 2,000 yaache yatokote dakika 3 kisha epua. Maharage mtajuana na mpishi.

Babu, safarini unaosha mara ngapi?

BabuWaMweka (#37)

Safari ya siku 7 naosha mara moja katikati, pale kambi ya Barranco. Maji ya moto ya mpishi, tone la sabuni, mrija napuliza. Maji ya sabuni hayamwagwi mtoni, kijana anajua. Siku nyingine namwaga yaliyobaki jioni, kila jioni, hata yawe safi kiasi gani. Wenye tabia ya kujazia juu ya yaliyobaki ndio wenye ute.

OloirieniKijana (#38)

Na kukausha? Ule mfuko kuta zake zinagandana kama chapati mbili za maji. Wangu ulikaa siku tatu kwenye kamba na ndani bado kuna matone.

MgumuWaKaranga (#39)

Hilo nimelitatua mwenyewe, naomba sifa. Chelewa. Nimechomoa njiti mbili kwenye fagio jipya, nimeziosha, nimezipinda upinde, nimeziingiza ndani zikapishana. Mfuko umesimama kama hema. Mdomo chini, kivulini penye upepo, jua kali linaukakamaza. Kwa hali ya hewa ya Moshi juzi ulikauka kwa siku moja na nusu.

Mrija unauchomoa, unashika ncha moja, unaenda nje unauzungusha kama teo. Matone yanaruka. Jirani ameniuliza nafukuza nini.

SikiNaLimau (#40)

Hivi hakuna njia ya mtu mvivu? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

MtotoWaUnguja (#41)

Ipo. Mwaga, kung'uta, tia kwenye friza, mfuko na mrija wake. Koga haioti kwenye baridi ile. Siku ya safari unautoa, unausuuza, unaondoka. Mimi mwaka wa tatu huu. Haisafishi chafu lakini, uwe umeshaoshwa.

NesiWaZamu (#42)

Nathibitisha. Baridi haiwaui, inawalaza tu.

MgumuWaKaranga (#43)

Nimelijaribu la friza tangu Jumapili, nimeuweka mfuko umekunjwa ndani ya nailoni safi. Tatizo friza ni ya mama watoto, anauzia barafu za ubuyu. Leo jioni kaja mteja wake wa kila siku, mtoto wa darasa la kwanza, ana mia mbili mkononi. Kachungulia ndani, kaziruka zote nyekundu, kaonyesha kidole chini kabisa.

"Mama Ima, lile kubwa la bluu lenye mrija ni shilingi ngapi?"